Somo: Kuboresha krenkishafti ya Land Rover ya zamani

Wengi wanaofufua Land Rover ya petroli ya lita 2.25 hapa Tabora huanza na kabureta, ilhali kinachoamua injini itastahimili mizunguko mingapi ni krenkishafti, yaani mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni wa juu na chini kuwa mzunguko. Hadi 1980 ilishikwa na meini beringi (beringi kuu zinazoibeba ndani ya bloku) 3 tu, ndipo zikawa 5; kwa hiyo ile ya zamani hupinda kidogo kila inapozungushwa kwa kasi, na ukitoka mizunguko 4,000 hadi 5,000 kwa dakika, nguvu zinazoivuta huongezeka kwa zaidi ya nusu.

Hatua ya kwanza ni ukaguzi. Ioshe hadi ndani ya njia za oili, ipimwe nyufa kwa sumaku na unga wa chuma, kisha kila shingo (sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi) ipimwe kwa maikromita.

Hatua ya pili, kuchonga shingo kwa mashine, ndiyo yenye uzito kuliko zote. Pale shingo inapokutana na bega lake, yaani ukuta wa pembeni, pasiachwe kona kali, kwa sababu nguvu za kupinda hukusanyika hapo na ufa huanzia hapo. Paachwe mviringo laini, usiopungua ule wa kiwandani, mradi ukingo wa beringi usiuguse. Simama karibu na mchongaji na umwambie hivyo kabla hajawasha mashine, kwani jiwe la kuchongea lililochakaa pembe huharibu kazi yote. Midomo ya matundu ya oili nayo isuguliwe iwe laini.

Hatua ya tatu ni kubalansi, yaani kusawazisha uzito unaozunguka, krenkishafti ikiwa pamoja na flaiwili (gurudumu zito la nyuma yake), puli na presha pleti ya klachi. Wakati wa kufunga, acha nafasi ya oili ya takriban milimita 0.05 kwa shingo yenye kipenyo cha milimita 50.

MASWALI

Swali (Kigoma): Shikamoo mwalimu. Je, naweza kuweka krenkishafti ya lita 2.5?

Jibu: Marahaba. Inawezekana katika bloku ya beringi 5 pekee. Mwendo wa pistoni hutoka milimita 88.9 hadi 97, hivyo pistoni hupanda milimita 4.05 zaidi (nusu ya tofauti hiyo; nusu nyingine huenda chini), na zile za zamani zitapita juu ya bloku. Tafuta pistoni zinazolingana nayo kwanza.

Swali (Urambo): Nikipunguza uzito wa flaiwili nitapata nguvu?

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Injini itapanda mizunguko haraka, lakini nguvu yake ni ileile, na kwenye mchanga wenu flaiwili nzito husaidia gari kuondoka bila kuzimika. Mimi ningeiacha.

Swali (Sikonge): Nikilazimika kuituma mbali kwa kuchongwa, niifungeje?

Jibu: Ipake oili nzito, izungushie plastiki, kisha itie katika sanduku la mbao lenye vishikizo chini ya shingo za meini, isicheze wala isibebe uzito kwa ncha zake. Ikifika, ipimwe tena kama imenyooka kabla ya kuguswa na jiwe.