Mbegu za machungwa usitupe, ndo zinagandisha jamu

Msimu ukifika kule Teso, mashariki mwa Uganda, ukiwa njiani kutoka Kumi kwenda Soroti unaona magunia ya machungwa pembeni ya barabara mpaka unachoka kuyaangalia, na sisi wenye miti miwili mitatu nyuma ya nyumba ni hivyo hivyo, watoto wanakula mpaka wanakinai, majirani wanabeba, yanayobaki yanaozea chini na kukaribisha nzi wa matunda. Kabla hujafika hapo pika jamu. Sigiri unayo, sufuria unayo, nunua sukari tu.

Kuchuma kwanza. Usisubiri chungwa ligeuke rangi kama lile la kwenye picha, huku kwetu usiku hauna baridi ya kutosha kwa hiyo ganda linaweza kubaki kijani na ndani limeshaiva zamani. Kata moja uonje. Kwa jamu chuma yaliyokomaa lakini yana ukali kidogo, yaliyoiva kupita kiasi hayagandi vizuri. Kama una mti wa danzi, ule ambao kila mtu anaudharau kwa uchungu wake, una bahati kweli, danzi ndo mfalme wa jamu ya maganda. Na kama ulipuliza dawa, hesabu zile siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo ndo uchume, maana hapa tunakula ganda lenyewe, sio kumenya na kutupa.

Sasa mi mara ya kwanza nilitupa mbegu zote, afu nikamimina sukari mwanzoni pamoja na maganda mabichi nikijua naokoa makaa. Maji yalibaki maji, maganda yakawa magumu, shemeji akatafuna kipande kimoja akaniuliza hii ni soli ya kiatu gani. Makosa yalikuwa mawili. Kitu kinachogandisha jamu kinaitwa pektini, na kwenye machungwa kimejaa kwenye mbegu na ile nyama nyeupe chini ya ganda, yaani vitu vyenyewe tunavyotupa. Na ganda likikutana na sukari kabla halijalainika, basi, hata ulichemshe mpaka kesho halilainiki tena.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua kilo moja ya machungwa na malimau mawili (ukitumia danzi limau moja latosha), osha na maji ya vuguvugu, kamua, maganda yakate nyembamba nyembamba. Mbegu zote na utando funga kwenye kitambaa cheupe chepesi kisafi, tumbukiza pamoja na maganda, juisi na lita mbili za maji, zilaze usiku kucha. Lakini usilaze kwenye sufuria ya alumini, ule ukali unakula alumini, tumia ndoo ya plastiki ya chakula au bakuli la stilesi.

Asubuhi chemsha taratibu, saa moja na nusu au hata mbili, bila sukari kabisa, mpaka ukibonyeza ganda kwa vidole viwili linapondeka lenyewe. Toa kile kifuko, kikipoa kidogo kiminye kwa nguvu juu ya sufuria, utaona ute mzito unatoka kama wa bamia, huo ndo mali, usiuache. Hapo sasa pima, kila kikombe cha ulichopika weka kikombe cha sukari. Koroga moto ukiwa mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, ndo uchochee makaa ichemke kwa nguvu. Usijaze sufuria, inafura hiyo, na ikikurukia mkononi utaikumbuka.

Kuna wanaotumia kipimajoto na kitabu kinasema nyuzi 104 au 105. Hicho kitabu kimeandikwa kwa watu wa pwani! Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yenyewe yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo ongeza nyuzi 4 mpaka 5 juu ya hapo, yaani 100 au 101, imetosha. Kabale iko juu zaidi, kwa hiyo huko nyuzi zinashuka chini ya hapo. Ukingoja 104 utapata peremende. Mi siku hizi situmii hata kipimajoto, naweka kisahani mahali pa baridi, nadondosha tone, nasubiri dakika moja nalisukuma kwa kidole, likikunjamana juu nimemaliza.

Epua, acha dakika 10 ili maganda yasielee yote juu. Chupa za glasi ziwe zimechemshwa, kwa mwinuko wa huku zipe dakika 15, na vifuniko viwe vipya, chupa kuukuu hazina shida ila kifuniko chenye kutu au kilichopinda hakifungi. Jaza jamu ikiwa moto, futa mdomo wa chupa, funga, andika tarehe. Ukitaka ikae miezi, rudisha chupa zilizofungwa kwenye maji yanayochemka dakika 15 nyingine.

Ukifikiria kupeleka supamaketi, hapo utahitaji alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, anza kuulizia mapema. Ya kula nyumbani na chapati haina maneno mengi, tumia kijiko kikavu tu, na siku ukiona ukungu juu usikwangue ukala ya chini, mwaga chupa nzima.