Ukijitolea kukusanya historia ya wapambanaji wa UKIMWI huku Masasi

Ukiitwa kusaidia kukusanya kumbukumbu za watu walioanzisha vikundi vya wanaoishi na VVU, kwanza iache nyumbani fulana yenye utepe mwekundu. Mimi niliivaa siku ya kwanza, nikashuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya bibi mmoja huku wapangaji wake wakinitazama. Bibi alinikaribisha, akanipa maji, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, leo umenitangaza." Miaka mingi nyuma alisimama mwenyewe kwenye mkutano wa kijiji akaeleza hali yake. Lakini wale wapangaji walikuwa wageni, na kuwaambia au kuwanyamazia ilikuwa haki yake. Bado inaniuma.

Kwa hiyo usiende nyumba kwa nyumba. Pitia Konga, mtandao wa wilaya wa WAVIU, yaani watu wanaoishi na VVU. Viongozi wake ndio wapige simu, na wewe upewe namba baada ya mwenyewe kukubali. Barua ya utambulisho unayompelekea mtendaji wa kijiji itaje kazi, isitaje majina. Kibali cha utafiti muombe mratibu wa mradi akuonyeshe kabla hujapanda gari. Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho na minada, waache.

Ukishaketi, usiulize mtu alipataje VVU. Swali hilo wameulizwa maisha yao yote, na mara nyingi na watu wasiowatakia mema. Uliza kikundi kilianzaje, walikutana chini ya mti gani, nani alitunza daftari la michango. Wengi wao hawajiiti wanaharakati. Ukisema "harakati" watakuelekeza kwa mtu aliyewahi kwenda semina Dar. Uliza badala yake nani alimpikia mgonjwa uji ndugu walipogoma, nani alitoa baiskeli ya kumpeleka hospitali ya Ndanda, nani aliosha maiti wengine walipoogopa. Hapo ndipo utawasikia akina mama ambao hakuna ripoti iliyowataja. Omba pia kuona vitu: kanga za kikundi, picha, kadi za zamani. Kitu kikiwa mkononi, maneno huja yenyewe.

Miaka itakusumbua. Wazee hawakumbuki tarehe, ila wanakumbuka matukio, basi mimi nina orodha yangu kwenye daftari: mvua za Elnino, 1997 kuingia 1998; kifo cha Mwalimu Nyerere, Oktoba 1999; Rais Mkapa, mtoto wa Lupaso hapa hapa Masasi, kutangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, mwishoni mwa 1999; daraja la Rufiji, 2003; ARV, dawa za kufubaza VVU, kuanza kutolewa bure, 2004; korosho kuanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani, 2007. Mzee mmoja aliniambia safari yao ya kwanza ya mkutano Dar walivuka Mto Rufiji kwa pantoni pale Ndundu. Nikajua ni kabla ya daraja, yaani walikuwa wakijipanga wakati dawa za bure hazijafika. Safari ile ikabadilika uzito machoni pangu.

Simu inatosha kurekodi. Iweke kwenye hali ya ndege, jaribu dakika moja, sikiliza. Kaa mbali na wanaobangua korosho, maana ule mlio hufunika sauti ya mzee kabisa. Jina lake liandike kwenye daftari unalolifungia. Faili la sauti lipe namba tu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inakataza kutoa habari za afya ya mtu bila ridhaa yake, na hilo linakuhusu hata kama hulipwi.

Akianza kulia, zima simu bila kuuliza. Kaa naye. Nauli yake mrudishie, chai mnywe pamoja, na uwe na namba ya mshauri wa kliniki aliyekubali kupigiwa.

Ridhaa iombwe mara mbili: kabla ya kurekodi, na tena baada ya yeye kujisikiliza. Yule bibi nilimrudia wiki tatu baadaye, kwa miguu, nimevaa dera la kawaida. Tukasikiliza wote jikoni, sauti chini. Alipofika mahali alipomtaja marehemu mume wake, akanyoosha kidole: "Hapo toa. Yeye hakuwahi kusema." Nikatoa mbele yake, kisha akaomba tuendelee.