Bastola ya mke wako Marekani: fomu aijaze yeye

Ndugu wa Lubumbashi mlioko Marekani, na ninyi wa Katuba na Kamalondo mnaotushauri kwa WhatsApp: mke akitaka rivolva ndogo (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya kubeba anapotoka kazi ya usiku, aingie dukani mwenyewe, achague mwenyewe, ajaze fomu mwenyewe na alipe mwenyewe. Nitalirudia hili mpaka mchoke, kwa sababu ndilo lililotunasa.

Mke wangu anatunza wazee huko Texas, na zamu yake huisha usiku wa manane. Siku ya kununua tulienda kifamilia. Yaya yake, yaani kaka yake mkubwa, anajua Kiingereza kutushinda, basi akawa msemaji kama tunavyofanya kwenye mahari. Yeye ndiye aliyeuliza bei, akaipima bastola mkononi, kisha akatoa noti mfukoni. Mimi nikakaa kujaza fomu. Mwenye kuibeba alisimama nyuma yetu na mkoba wake, hajafungua kinywa. Muuzaji akauliza silaha ni ya nani. Tukajibu sote kwa pamoja, kila mmoja na jibu lake. Akafuta mauzo palepale na kutuambia tusirudi.

Kwetu hakuna aliyeona ubaya. Kaka anamnunulia dada, mume anaandika, kuna kosa gani? Kosa lipo kwenye fomu inayoitwa 4473, ya ATF, idara ya serikali kuu inayosimamia silaha. Inauliza kama wewe unayeijaza ndiwe mnunuzi halisi. Ukipokea pesa za mtu ukamnunulia yeye, halafu ukajibu ndiyo, umeidanganya serikali kuu, hata kama mwenye pesa ana haki zote za kumiliki silaha. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Abramski, polisi wa zamani wa Virginia aliyemnunulia mjomba wake bastola kwa hundi ya dola 400 ya huyo mjomba. Wote wawili waliruhusiwa kumiliki silaha. Bado alishindwa, majaji 5 kwa 4. Na tangu 2022 kumnunulia mtu aliyekatazwa, au atakayeitumia silaha kwa uhalifu, ni kosa linalojitegemea, kifungo chake hufika miaka 15, au 25 ukijua silaha itatumika kwa uhalifu mkubwa.

Zawadi ya kweli inaruhusiwa. Ukichukua pesa zako, ukamnunulia mke wako asiye na kizuizi chochote, hujavunja sheria ya nchi. Hata hivyo nasema tena: ajaze yeye. Sisi ambao bado hatujapata uraia, hukumu ya kosa la silaha inaweza kutufukuzisha nchini hata tukiwa na green card, kadi ya ukaazi wa kudumu. Mwamerika akikosea hapa atafungwa kisha atarudi kwake. Wewe utafungwa, kisha utapandishwa ndege.

Nimekuja kuwaelewa Waamerika kwa njia hiyo. Mbele ya karatasi zao hakuna ukoo; kuna mtu mmoja, sahihi moja. Wanaamini sahihi kuliko uso wako. Siwalaumu, lakini upweke wao ndio unaowafanya wanunue silaha nyingi. Katuba ukipiga kelele ya mwizi, avenue nzima inatoka. Kule jirani anachungulia dirishani na kupiga 911, simu ya polisi, halafu anangoja. Ndiyo maana nilikubali mke wangu abebe, ingawa nimekulia mahali ambapo bastola ni ya askari.

Sasa wazazi na wadogo zetu, naomba mnisikilize kwa upole. Mgeni aliyeingia kwa visa ya matembezi au ya masomo haruhusiwi kumiliki silaha wala kuishika, isipokuwa kwa nafasi chache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kushika ni pamoja na kukodi bastola kwenye uwanja wa shabaha ili upige picha ya kutuma nyumbani. Mdogo wangu, picha hiyo ni ushahidi uliojitengenezea mwenyewe. Na mume asimnunulie mke aliyekuja na visa ya matembezi akidhani ndoa inamfunika. Haimfuniki. Mwenye green card na mkimbizi aliyepokelewa rasmi wanaruhusiwa kununua. Aliyeomba hifadhi na bado anasubiri, asiamue peke yake wala asisikilize marafiki wa kanisani. Amwone wakili wa uhamiaji kwanza.

Yaliyobaki ya kawaida: dukani miaka 21, kitambulisho chenye anwani unayoishi leo, namba yako ya uhamiaji, na bastola inunuliwe katika jimbo lako.

Ila majina yatawachelewesha. Sisi tuna jina, postnom (jina la pili la asili) na prénom (jina la kwanza), na kila ofisi ya Marekani inayapanga inavyotaka. Wengine wetu tumeandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Uchunguzi ambao FBI humfanyia kila mnunuzi wa dukani ukikutana na jina linalofanana na la mtu mwingine, unakuwekea subira badala ya kibali. Linganisha leseni ya gari na green card kabla ya kwenda. Ukicheleweshwa kila mara, omba FBI ikuweke kwenye faili lao la hiari, upewe namba iitwayo UPIN ya kuandika kwenye fomu.

Kuhusu rivolva yenyewe, wauzaji wengi wakimwona mwanamke wanamletea iliyo nyepesi kuliko zote, mara nyingine ya rangi ya waridi. Msikubali haraka. Bastola nyepesi ni tamu mkobani na chungu mkononi, kwa sababu uzito ndio unaomeza teke la risasi. Smith & Wesson 642 ina gramu 400 na kidogo, Ruger LCR ya risasi za .38 Special ina pungufu kidogo ya 400, na zote hubeba risasi 5. Ya chuma kama Smith & Wesson 640 inapita gramu 600; inachosha begani, lakini mpigaji haiogopi. Mke wangu alipiga risasi chache za 642 akaiweka chini. LCR alivumilia, maana kifyatulio chake ni laini zaidi. Usimpe risasi za .357 Magnum, zenye nguvu zaidi, katika bastola ndogo. Atachukia mazoezi, na asiyefanya mazoezi anabeba chuma tu. Aanze na .38 za wadcutter, risasi za mazoezi zenye ncha bapa, ambazo hazina nguvu ya kumtisha. Kuna LCR ya .22 yenye risasi 8 kwa mwenye vidole vyenye maumivu, ingawa nguvu yake ni ndogo.

Rivolva za aina hii zinafaa kwa asiyeweza kuvuta nyuma sehemu ya juu ya bastola ya magazini ili kuitia risasi, lakini kifyatulio cha nyingi ni kizito, kama kilo 5. Akivute dukani kwa kidole chake, kwa ruhusa ya muuzaji. Na vidole visikae kando ya silinda wakati wa kupiga: moto hutoka kwenye mwanya ulio kati ya silinda na mtutu.

Mkobani isikae pamoja na funguo na simu. Iwe na mfuko wake peke yake na ala ngumu inayofunika kifyatulio, na mkoba usitoke mwilini. Desemba 2014, dukani huko Idaho, mtoto wa miaka 2 alifungua mkoba wa mama yake akamuua kwa bastola iliyokuwemo. Mama huyo alikuwa na kibali na uzoefu. Sisi watoto wetu hupekua mkoba wa mama wakitafuta pipi, kwa hiyo nyumbani iingie kwenye sanduku la kufuli siku hiyo hiyo.

Texas, tangu Septemba 2021, mwenye miaka 21 asiye na kizuizi hubeba bila kibali. Msichukue sheria ya Texas mkaenda nayo kwa binamu Illinois; huko hawatambui kibali cha jimbo jingine lolote.

Hapa Lubumbashi ndugu zangu wananiomba niwaletee moja ndogo kwa mama anayeuza soko la komini ya Kenya. Hapana, wapendwa. Kuitoa Marekani kunahitaji kibali cha serikali yao, na kuiingiza Kongo kunahitaji cha serikali yetu. Mnajua wenyewe anayekutwa na silaha bila karatasi anaishia wapi. Na ninyi mnaosafiri, mkoba uliozoea kubeba bastola uacheni Marekani. Risasi moja iliyosahaulika kwenye kona ya kitambaa inatosha kukuzuia uwanja wa ndege kule, au hapa Luano.