Kufuatilia safari ya ndugu kwa barabara ukiwa nyumbani: tulivyofanya Dar hadi Cape Town

Juzi jirani yangu alikuja na simu mkononi. Mwanawe anaondoka na wenzake wawili kwa gari, Dar es Salaam hadi Afrika Kusini, na yeye hajui ataishije wiki zote hizo. Nilimkalisha barazani tukapanga, maana mimi yalishanikuta. Mdogo wangu wa kiume na wifi yangu walipita njia hiyohiyo, nami nikabaki Tanga na mama, mwenye simu ya kitochi na presha. Haya ndiyo niliyomwelekeza.

Hatua ya 1: Nunua kaunta buku

Si programu, ni kaunta buku na kalamu. Kaa na msafiri kabla hajaondoka, andikeni vituo vyote kwa mpangilio, kila kituo mstari wake. Sisi tuliandika Morogoro, Iringa, Mbeya, Tunduma, kisha Nakonde, Mpika, Kapiri Mposhi, Lusaka, Livingstone, Kazungula, Nata, Francistown, Gaborone, Kimberley, Cape Town. Pembeni acha nafasi ya tarehe na saa waliyofika.

Buku linamsaidia hata asiye na simu janja. Mama alikuwa ameambiwa na mtu kwamba pale Kazungula magari huvushwa Zambezi kwa pantoni, akakosa usingizi siku mbili. Tulipoandika mstari ule nikamwambia pantoni ni habari ya zamani, tangu Mei 2021 kuna daraja, lina urefu wa mita 923. Akaniambia niandike "daraja" kwa herufi kubwa. Nikaandika.

Hatua ya 2: Nakala

Pasipoti, kadi ya gari, bima, kadi ya homa ya manjano. Picha kwenye simu yako, na karatasi ndani ya buku.

Hatua ya 3: Kubalianeni saa, na mkubaliane kwa maandishi

Hapa usikimbilie, soma mara mbili.

Tanzania tuko saa moja mbele ya Zambia, Botswana, Namibia na Afrika Kusini. Wakivuka Tunduma kwenda Nakonde saa inarudi nyuma mara moja, basi, hairudi tena hadi Cape Town. Hilo ni jepesi. Linaloumiza ni kwamba sisi tunahesabu saa tangu alfajiri, na huko wanahesabu Kizungu.

Siku yao ya pili Zambia, mdogo wangu aliandika asubuhi: "Tutawapigia saa 9." Mama akala mapema, akakaa na kitochi mapajani kuanzia saa 9 alasiri. Saa 10 kimya. Saa 12 kimya. Nilipiga, haipatikani. Saa 2 usiku mama mkubwa alishafika, shangazi wa Korogwe anapiga kila dakika kumi, na mama anatetemeka mikono. Saa 4 kamili usiku simu ikaita, mdogo wangu anacheka, anauliza mmekula nini. Alikuwa ameshinda anaongea Kiingereza na watu wa kule, na "9" yake ilikuwa saa tatu usiku ya Zambia, yaani saa nne yetu. Tulingoja saa saba nzima kwa ajili ya tarakimu moja.

Tangu siku ile ujumbe wetu una umbo moja tu: "Tumefika Mpika. Saa 2 usiku ya nyumbani. Tunalala hapa." Saa ya nyumbani siku zote, na lazima neno la wakati lifuate: asubuhi, mchana, usiku. Aliyeko njiani ndiye anayegeuza hesabu, si mama aliyeko kitandani.

Yapo na mengine. Karibu na mpaka simu hunasa mnara wa upande wa pili na kujigeuza saa yenyewe, kwa hiyo mtu yuko bado Tunduma lakini simu yake inasoma saa ya Zambia. Mwambie avae saa ya mkononi iliyowekwa saa ya nyumbani, asiiguse. Pia msitumie jua kama kipimo. Sisi tumezoea magharibi ya saa kumi na mbili na kitu, ila Cape Town mwezi wa Desemba jua huzama karibu saa mbili usiku ya kwao. Wifi alisema "tutapiga giza likiingia", nikamkatalia.

Kama wako anaelekea kwingine: Kenya na Uganda saa ni yetu, Rwanda, Burundi, Goma na Lubumbashi wako nyuma saa moja, Kinshasa saa mbili. Ethiopia ni raha, saa ni yetu na wao pia huhesabu tangu alfajiri kama sisi.

Hatua ya 4: Kimya kina maana gani

Sheria yetu: hawaendeshi usiku, na wakishatua wanatuma ujumbe mmoja. Kimya cha mchana hakihesabiwi. Kati ya Kasane, mji ulio karibu na Kazungula, na Nata kuna kama kilomita 300 za pori, mtandao unakatika na tembo wanavuka barabara wanavyotaka, kwa hiyo siku ile nilimwambia mama mapema asitegemee chochote hadi jioni. Usiku mmoja ukipita bila ujumbe, nampigia mwenyeji wa kituo kilichofuata. Namba zao zimo kwenye buku.

Ujumbe uwe wa kawaida, SMS. Unapita pale bando linapokwama, na kitochi kinaupokea.

Hatua ya 5: Ramani ya simu

Mahali mubashara pa WhatsApp hudumu saa nane tu, na laini ikibadilishwa mpakani bila bando, kialama kinasimama. Chetu kiliganda Tunduma mchana mzima, kumbe wako kwenye foleni nyuma ya malori. Mimi sikushauri ukae ukikitazama. Aliyefika atume mahali alipo mara moja, usiku, inatosha. Na wakiweka laini mpya, WhatsApp ikiuliza kama wabadilishe namba, wakatae, ili mwendelee kupatana kwa ileile.

Hatua ya 6: Namba ngeni

Andika kwenye karatasi, bandika ukutani karibu na simu: +260 Zambia, +267 Botswana, +27 Afrika Kusini. Namba inayoanza hivyo ipokelewe. Tairi lilipowapasukia kabla ya Lusaka, mdogo wangu aliazima simu ya dereva wa lori, na mama alimkata mara mbili akidhani ni matapeli.

Matapeli nao wapo, kwa hiyo akiomba pesa mtu anayesema ni mwanao, muulize swali mlilopanga kabla ya safari. Letu lilikuwa jina la mbuzi wa marehemu baba. Jirani ameshachagua lake, hakuniambia, na nimefurahi hakuniambia. Wanaondoka Jumatatu alfajiri, na buku lake lina mistari kumi na minne.