Huyo mshauri analipwa na nani?

Mama wa jirani hapa Shela, Malindi, alikuwa akichambua mchele, sinia mapajani, huku bintiye akinisomea barua ya ufadhili wa kwenda kucheza mpira Marekani. Alipofika mahali palipoandikwa kwamba kila mchezaji atapewa mshauri wa masomo, mama hakuinua uso. Aliuliza tu, "Na huyo mshauri, mwanangu, analipwa na nani?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kule nilikaa miaka minne na nusu nikicheza kiungo, na swali hilo sikulifikiria mpaka mwaka wa tatu, maji yakiwa shingoni. Haya ndiyo niliyomweleza binti jioni ile, na nawaandikia na wengine wanaofunga masanduku.

Katika vyuo vya Daraja la Kwanza vya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, chuo kinalazimika kumpa mchezaji ushauri wa masomo na watu wa kumfundisha pembeni. Usiione kama hisani, basi. Kwetu ofisi yenyewe ilikuwa ubavuni mwa ukumbi wa mazoezi, ina kompyuta, vyumba vidogo vya kusomea, na wanafunzi wakubwa wanaolipwa kukuelekeza hesabu au kukupitia insha. Sisi wa mwaka wa kwanza tuliwekewa saa za lazima za kukaa pale, unapitisha kadi ukiingia na ukitoka. Wenzangu Wamarekani walinung'unika. Mimi wa bweni niliona ni prepu tu, tena yenye kiyoyozi.

Kazi ya kwanza ya mshauri wa ofisi hiyo ni kuhakikisha unaruhusiwa kucheza. Shika hesabu zake, zinazokwenda kwa krediti, kipimo cha uzito wa kila somo: uwe na krediti 12 kila muhula, ufaulu angalau 6 kati ya hizo, ufikishe 24 kabla ya mwaka wa pili kuanza. Halafu zije asilimia: 40 ya digrii kabla ya mwaka wa tatu, 60 kabla ya wa nne, 80 kabla ya wa tano. Ile 12 inatuuma mara mbili sisi wageni, kwa sababu F-1, viza ya mwanafunzi, nayo inaidai. Ukiacha somo moja ukabaki na 9, huchezi, na uhalali wako wa kukaa nchini unayumba. Kabla ya kuacha somo lolote, hata kama kocha kakubali, pita kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni. Na masomo ya mtandaoni yasikudanganye. Kwa mwenye F-1, katika hizo 12 ni somo moja tu la krediti 3 linalohesabiwa kila muhula.

Sasa sikiliza lililonipata mimi.

Nilikwenda nikitaka biolojia. Mshauri wangu, mtu mpole aliyenialika mpaka kwake kula batamzinga, aliangalia ratiba ya mazoezi akanipangia masomo yaliyokaa vizuri asubuhi. Kemia ilikuwa na maabara Alhamisi alasiri, na Alhamisi alasiri ndipo basi la timu lilipokuwa likiondoka, akasema tutaichukua baadaye. Baadaye ikawa mwaka wa pili, na mwaka wa pili nao ukapita. Nilifaulu yote. Nilikuwa na krediti 54, najiona msomi. Nilipokwenda kuandikisha biolojia rasmi, maana ukifika mwaka wa tatu lazima uwe umetaja fani, yaani somo kuu la digrii yako, zikaonekana zinazoingia kwenye digrii hiyo ni 41. Digrii ilikuwa ya krediti 120, na asilimia 40 yake ni 48. Zilipungua 7.

Mshauri akanipa njia mbili: nichukue fani nyingine ambayo karibu zote 54 zingeingia, au nibaki kiangazi nizifidie. Yeye alipenda ile ya kwanza, na naamini hakuwa na hila. Kwake, jina langu likirudi kwenye orodha ya timu kazi imekwisha. Lakini ni mimi ambaye ningerudi Malindi na cheti nisichokitaka. Nilibaki. Kemia krediti 4, takwimu krediti 3, na harusi ya dada yangu nikaitazama kwenye simu.

Kwa hiyo jua kuna daftari mbili. Moja ni ya kucheza, nyingine ni ya digrii. Mshauri wa michezo anaishika ile ya kwanza, na wengi wanaishika vizuri mno. Ya pili iko idarani, kwa mshauri wa fani, ambaye pengine hata hajui mnacheza siku gani. Ofisi hizi mbili hazizungumzi sana, na mjumbe kati yao ni wewe. Wiki ya kwanza nenda kwa wote. Usiseme "nipangie masomo." Sema, "Nataka kuwa mwalimu wa biolojia. Nionyeshe mihula minane yote mpaka mwisho." Ukiambiwa fani fulani haiwezekani kwa mchezaji, uliza ni somo lipi hasa linalogongana na mazoezi, siku gani, na kama lina kundi jingine. Mara nyingi utakuta tatizo ni maabara moja ya Alhamisi, na ile ya Jumatatu ina nafasi.

Kila muhula, kabla ya kuandikisha, fungua kwenye mtandao wa chuo ile ripoti inayoonyesha masomo yaliyoingia kwenye digrii na yaliyobaki pembeni. Isome mwenyewe kama unavyosoma risiti ya duka. Somo lililokaa chini kabisa, kwenye fungu la ziada, halikusogezi kwenye digrii.

Turudi kwa swali la mama. Kuna vyuo ambavyo ofisi hii iko chini ya mkurugenzi wa michezo, na vingine ambavyo iko chini ya upande wa taaluma. Hakuna dhambi katika mpango wowote, ila ujue unaongea na mtu wa nani. Chuo Kikuu cha North Carolina, Chapel Hill, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kwa miaka 18 wanafunzi zaidi ya 3,100, karibu nusu yao wachezaji, walipitia madarasa ya karatasi: hakuna mhadhiri darasani, unapeleka insha moja, alama nzuri inakuja. Baadhi ya washauri wa wachezaji ndio waliokuwa wakiwaelekeza huko. Ukipewa somo ambalo halina saa wala chumba, na kila mtu wa timu analo, shtuka. Ukihitaji sikio lisilo la kocha wala la mshauri, kila chuo cha NCAA kina mhadhiri aliyeteuliwa kuwa mwakilishi wa walimu kwenye mambo ya michezo. Jina lake lipo kwenye tovuti. Hatembelewi sana, atafurahi.

Kwa anayekufundisha pembeni, mipaka ni rahisi. Akuulize, akuchoree, akuambie aya hii haieleweki. Kalamu ishike wewe. Sentensi moja aliyokuandikia inaweza kukuondoa wewe chuoni na yeye kazini.

Barua za safari zipeleke kwa wahadhiri wiki ya kwanza, tarehe zote za msimu zikiwamo, pamoja na swali moja: kazi ya siku hizo niilete kabla? Niliwahi kupeleka yangu usiku wa kuamkia safari. Jibu lilikuja fupi, na sifuri ikaja nyuma yake. Kanuni inasema mazoezi na mechi visizidi saa 20 kwa wiki msimu ukiwa umepamba moto, wala saa 4 kwa siku, na siku ya mechi inahesabiwa saa 3 hata ikikula kutwa. Saa za kwenye basi hazihesabiwi kabisa. Humo ndimo utakamosomea, kwa hiyo pakua kila kitu kabla, mtandao barabarani usiutegemee.

Mfungo nao useme mapema. Siku hizi Ramadhani inaangukia Februari na Machi, pamoja na mitihani ya kati na mazoezi ya masika. Mshauri asiyejua daku ni nini hawezi kukuondoa kwenye kipindi cha jioni kinachokula futari yako.

Tena usidharau ulichobeba kutoka nyumbani. Chuo kilinitaka nisome lugha ya kigeni mihula miwili. Niliomba mtihani wa kupimwa Kiitaliano, kile cha kuokota ufukweni na dukani kwa mjomba, nikapita, masomo mawili yakaondoka. Mshauri aliduwaa. Alikuwa bado hajazoea hata kwamba Mkenya anaweza asijue kukimbia mita 5,000.

Ukibaki hapa pwani ukasoma Kilifi au Mombasa, kazi hizi zimetawanyika: ofisi ya michezo, mkuu wa wanafunzi, mwenyekiti wa idara. Barua ya kukosa CAT, jaribio la katikati ya muhula, kwa sababu ya mashindano itafute kabla ya kusafiri, igongwe muhuri, ubaki na nakala. Ukirudi na medali bila barua, utaambiwa hongera na utasubiri sapu, mtihani wa marudio.

Mama alikuwa amemaliza mchele. "Basi hilo la mshahara aliulize siku ya kwanza?"

"La, mama. Siku ya pili. Ya kwanza asalimie."