Kuondoa pawa kwenye usukani: kazi iko ndani ya reki

Mara ya kwanza nilipoondoa pawa, yaani msaada wa pampu ya mafuta unaoufanya usukani uwe mwepesi, kwenye usukani wa gari langu, Mazda MX-5 ya 1992 yenye injini ya lita 1.6, nilimaliza kwa saa mbili. Nilifungua pampu, nikamwaga mafuta, nikaunganisha kwa kipande cha mpira matundu mawili ya reki, kile chombo kinachogeuza mzunguko wa usukani kuwa msukumo wa magurudumu, nikaingia barabarani. Usukani ulikuwa mzito, na hilo nililitarajia. Sikutarajia kwamba ungekuwa bubu. Ulicheza kidogo katikati kabla ya magurudumu kuitika, na kila nilipogeuza haraka kwenye kona za kufuatana nilihisi kitu kinanirudisha mkono. Nilivumilia wiki tatu. Kisha nikaishusha reki, nikaifungua mezani, na hapo nikaelewa kwamba nilichokuwa nacho ni usukani wa pawa ulioharibika.

Reki ya pawa ni reki na silinda ya haidroliki kwa pamoja. Kwenye ule mtaimbo mrefu unaosukuma magurudumu kuna pistoni, na pistoni imevikwa pete inayobana ukuta wa silinda. Pampu inapofanya kazi, mafuta huisukuma pistoni upande unaotaka kwenda. Pampu ikiondoka, wewe ndiye unayesukuma mafuta na hewa kupita kwenye vibomba vyembamba kila unapogeuza. Huo ndio ule mkono uliokuwa unanivuta.

Uchezaji wa katikati una chanzo kingine. Mhimili unaotoka kwenye usukani haukushikana moja kwa moja na piniani, yaani lile gia dogo linalosaga meno ya reki. Kati yao kuna kijiti cha chuma kilichotengenezwa kijisokote kidogo. Kikijisokota, vali hufunguka na mafuta hujua upande wa kwenda. Bila mafuta, kijiti bado kinajisokota. Unageuza nyuzi kadhaa bure mpaka vizuizi vya chuma vigusane, ndipo piniani ianze kufuata. Kwenye gari la kwenda kasi, nyuzi hizo chache ndizo unazozitegemea kulishika barabarani.

Kwa hiyo kazi halisi ni mbili: kuondoa pete ya pistoni na kufunga kile kijiti. Mengine yote ni kufungua na kufunga boliti.

Kabla ya kushika spana, jiulize kama gari lako linafaa. Lotus Elise, Alfa Romeo 4C na McLaren F1 zilitoka kiwandani bila pawa, na zote tatu zina injini nyuma ya dereva, kwa hiyo magurudumu ya mbele hayabebi mzigo mkubwa. MX-5 ya kizazi cha kwanza ina injini mbele, lakini gari zima halifiki tani moja na uzito umegawanyika karibu nusu kwa nusu. Ukiwa na injini nzito mbele na matairi mapana, nakushauri uiache pawa yako. Na kama pawa yako ni ya umeme, mwongozo huu haukuhusu. Ukiing'oa fyuzi utabaki unazungusha mota na gia zake kwa mikono, na hilo ni baya kuliko ule mpira wangu.

Uliza pia kama kiwanda kilitengeneza reki isiyo na pawa kwa ajili ya gari lako. Kwa MX-5 ya kizazi hicho ipo. Uwiano wake, yaani mzunguko wa usukani ukilinganishwa na wa gurudumu, ni 18 kwa 1, na ile ya pawa ni 15 kwa 1. Tofauti hiyo inapunguza nguvu unayohitaji kwa takriban moja ya sita, ila utazungusha usukani zaidi kwa asilimia 20. Mtu anayeegesha gari mara kumi kwa siku achukue ile ya 18. Mimi nilibaki na ya 15 kwa sababu nataka mikono yangu isitoke mahali pake kwenye kona.

Sasa kazi yenyewe. Nyoosha magurudumu, funga usukani kwa mkanda wa kiti au kamba usizunguke, kisha inua mbele uweke stendi imara. Usilale chini ya jeki peke yake. Kufunga usukani ni lazima hasa kama gari lina mfuko wa hewa, kwa sababu ndani yake kuna utepe wa waya unaokatika usukani ukizungushwa ovyo wakati reki haipo. Chomoa betri. Tia alama ya rangi mahali mhimili unapoingia kwenye piniani, na kwenye kila tairodi, ile fimbo inayounganisha reki na gurudumu, hesabu nyuzi za skrubu zinazoonekana kabla hujalegeza nati. Mahesabu hayo ndiyo yatakayokufikisha kwa fundi wa alaimenti bila gari kwenda upande.

Mwaga mafuta, toa mipira, toa pampu na breketi yake. Kwenye pampu ya MX-5 kuna waya unaoiambia kompyuta ipandishe sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, wakati usukani unailemea injini. Ufunge vizuri kwa tepu na uubane mbali na joto. Fenibelti itategemea gari. Kwenye hili, mkanda mmoja unazungusha alternata na pampu ya maji, na wa pili unazungusha pampu ya usukani pamoja na kompresa ya AC. Mimi sina AC, kwa hiyo mkanda wa pili niliutoa kabisa. Mwenye AC atahitaji puli ya kukazia badala ya pampu. Na kama gari lako lina mkanda mmoja unaozunguka kila kitu, fuatilia njia yake kwa kidole kwanza. Usije ukainyima pampu ya maji mzunguko.

Reki ikiwa mezani, isafishe nje kabla ya kuifungua, maana mchanga ukiingia ndani utasaga meno kwa miaka. Toa buti, ile mipira inayofunika ncha za reki, toa tairodi za ndani, toa piniani, kisha chomoa mtaimbo. Pete ya pistoni utaiona mara moja. Ikate kwa kisu, na mpira wa duara ulio chini yake uutoe pia. Pistoni yenyewe iache. Bushi ya mwisho wa reki usiiguse kabisa, kwa sababu ndiyo inayoubeba mtaimbo upande usio na piniani. Vibomba vyote vinavyotoka kwenye vali viondoe, na matundu yake uyazibe kwa vizibo vya nyuzi.

Sehemu ya kuchomelea ndiyo inayonifanya niandike kirefu. Mhimili wa juu na piniani vinatakiwa kuwa kitu kimoja. Toa beringi na sili zote kwanza. Hakikisha kijiti kimetulia katikati, hakivutwi upande wowote, kisha weka vidoti vifupi vya TIG, uchomeleaji wa umeme unaolindwa na gesi, pale vipande viwili vinapokutana. Doti moja, subiri ipoe hadi uweze kuishika, halafu doti ya upande wa pili. Usikaribie meno wala mahali beringi inapokaa, maana chuma hicho kimekazwa kwa joto maalumu na joto lako litakiharibu. Mimi ninajua kuchomelea, na bado kazi hii nilimpelekea fundi wa mashine aliye na mkono bora kuliko wangu. Vile vizuizi vya chuma vya kiwandani vinabaki mahali pake, kwa hiyo hata doti zikiachia, usukani utarudia kucheza lakini hautakatika. Fundi asiyejua vizuizi hivyo viko wapi usimpe piniani yako.

Unapofunga, paka grisi mtaimbo mzima, pamoja na sehemu iliyokuwa inaoga mafuta, kwa sababu sasa hakuna kingine cha kuilainisha. Kaza nati inayosukuma mtaimbo dhidi ya piniani kwa kufuata kitabu cha gari lako. Ikibana mno, usukani hautarudi wenyewe. Ikilegea, utasikia mgongano kwenye mashimo. Zungusha kwa mkono mwanzo hadi mwisho kabla ya kuirudisha garini. Pini za tairodi weka mpya.

Baada ya hapo nenda alaimenti, na ongea na fundi kuhusu kasta, yaani pembe ambayo mhimili wa kugeuzia gurudumu umelala kuelekea nyuma. Magari ya pawa mara nyingi hupewa kasta kubwa kwa kuwa pampu inabeba gharama yake. Mimi nilikuwa na nyuzi 5.5, nikashuka hadi 4, na usukani ukawa mwepesi kuliko nilivyodhani. Spesa na rimu zinazosukuma gurudumu nje zinarudisha uzito wote uliouondoa, kwa hiyo nilizitoa. Usukani mdogo wa mashindano pia hautakusaidia, kwa sababu unapunguza wenzo.

Wiki ya kwanza jifunze kuliacha gari lianze kutambaa kabla ya kuzungusha usukani. Vidole gumba viweke nje ya duara, maana shimo sasa linakufikia bila mafuta ya kulipunguza makali. Baada ya kilomita 100 rudi chini ya gari ukague nati za tairodi, boliti ya mhimili na boliti za reki. Yangu moja ya reki ilikuwa imelegea robo mzunguko.