Jana ulifanya nini? Kutengeneza wasifu LinkedIn ukiwa Dodoma

Jumamosi iliyopita nilikaa na kijana mmoja pale Nyerere Square, kwenye benchi lenye kivuli, simu yake mkononi na bando la shilingi elfu moja. Ana diploma ya umwagiliaji, yuko kwenye duka la mabomba Barabara ya Saba, na huu ni mwaka wa pili anatafuta kazi kubwa zaidi. Wasifu wake LinkedIn, ule mtandao wa kujuana na watu wa kazi, una picha ya mahafali, na chini ya jina ameandika kwamba ni mhitimu mchapakazi, mwenye kujituma, anayetafuta fursa.

Nikamuuliza, "Jana ulifanya nini?"

"Jana tulikuwa Hombolo, dada. Tunafunga mabomba ya matone."

"Ekari ngapi?"

"Mbili na nusu. Ila ilibidi turudi mara ya pili. Kile kisima maji yake yana chumvi, yanaziba vile vitundu. Nikamwelekeza mzee asafishe chujio kila asubuhi kabla hajafungulia."

Nikamwambia hayo ndiyo ya kuandika. Tukafuta yale ya mwanzo, tukaweka: "Nafunga umwagiliaji wa matone kwenye mashamba ya zabibu na mboga, Dodoma. Visima vya maji ya chumvi: chujio, usafishaji, mafunzo kwa mkulima." LinkedIn inakupa herufi 220 kwa mstari huo wa chini ya jina, na yeye hakuzimaliza. Mwenye shamba akiusoma anajua amwite kwa shida gani. Neno "mchapakazi" kila mtu analo. Kisima chenye chumvi anacho yeye.

Mimi ni bibi shamba wa zabibu. Nilisoma SUA, chuo kikuu cha kilimo kule Morogoro, nikarudi nyumbani, na sasa nawahudumia wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mbabala kwa kujitegemea. Wateja wangu wa kwanza niliwapata kwa miguu na kwa simu za watu wanaonijua. Wanunuzi wawili ninaofanya nao kazi leo, pamoja na mtaalamu ninayemuuliza nikikwama, niliwapata LinkedIn. Kwa hiyo naandika ninachokifanya mwenyewe, na nawaandikia hasa wadogo zangu mnaomaliza UDOM, Chuo cha Mipango, CBE na St John's kisha mkabaki hapa mjini mkisubiri.

Picha kwanza, maana hiyo ni rahisi. Ondoa joho. Nenda nje saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea, simama mahali pa kazi yako, mtu mwingine akupige kwa simu ya kawaida, uso ujaze zaidi ya nusu ya picha. Yangu alinipiga mtoto wa mkulima chini ya mizabibu, Mbabala, na kabla hajapiga nilifuta kioo cha kamera kwa pindo la kanga. Hakuna gharama nyingine.

Sehemu ya kujieleza ndiyo inayotaka muda. Unapewa herufi 2,600, lakini kwenye simu mtu anaona mistari michache ya juu tu mpaka aamue kubonyeza kuendelea. Sentensi ya kwanza, basi, ndiyo inayobeba mzigo. Usianze na ulikozaliwa wala shule ya msingi uliyosoma. Yangu, nikiitafsiri kwa Kiswahili, inaanza hivi: "Nawasaidia wakulima wa zabibu wa Dodoma kuvuna mara mbili kwa mwaka bila kupoteza mashada kwa ubwiri unga." Ubwiri unga ni ule ugonjwa wa ukungu mweupe. Kisha nataja aina za zabibu ninazozishughulikia, Makutupora Red na Chenin Blanc, nataja kupogolea, nataja mchwa, nataja vijiji. Nimevitaja kwa makusudi. Mtu anayetafuta mtaalamu hatafuti jina lako, halijui. Anaandika neno la kazi na jina la mahali, na kama maneno hayo hayamo kwenye wasifu wako, hutokei.

Lugha? Wasifu wangu nimeuandika kwa Kiingereza, kwa sababu mnunuzi wa nje na maofisa wengi wa miradi wanatafuta kwa Kiingereza. Posti zangu ni za Kiswahili. Mkulima wa Mbabala hayuko LinkedIn, lakini mwanawe anayefanya kazi Dar yupo, na ndiye anayempigia baba simu jioni kumweleza alichosoma.

Namba ziwe za kweli. Ukiandika ekari arobaini, mtu anaweza kukuambia twende tukazione. Dodoma wizara zimehamia, majengo yamepanda mpaka Mtumba, lakini watu wa kazi moja bado tunajuana, na jambo likisemwa Majengo asubuhi, jioni limefika Area C. Ekari mbili na nusu zilizopo zina nguvu kuliko arobaini za kubuni.

Kama hujawahi kuajiriwa, andika ulichokifanya bila mshahara: mafunzo kwa vitendo, shamba la mjomba, mahesabu ya kikoba cha mama yako, simu ulizotengeneza bwenini. Taja mwezi, taja mahali, taja kilichobadilika baada ya wewe kukigusa. Halafu muombe mtu mmoja aliyekuona ukifanya aandike ushuhuda mfupi kwenye wasifu wako. Mmoja aliyekuona anatosha kuanzia. Mwambie akumbuke siku fulani, asikusifu tu.

Vitu vidogo nivipitie haraka. Badilisha anwani ya wasifu wako iwe na jina lako, bila ule mkia wa namba, ili uweze kuiweka kwenye CV. Zima ule utaratibu wa kuwatangazia watu kila ukirekebisha kitu, urekebishe wasifu kwa utulivu, kisha uuwashe tena. Weka ulinzi wa hatua mbili. Usipandishe picha ya cheti wala kitambulisho cha NIDA. Namba zile zikishatoka huzirudishi. Na ukimpiga mkulima picha shambani, muombe ruhusa kabla ya kuiweka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, uso wa mtu ni wake.

Sasa kujuana na watu, ambako ndiko vijana wengi wanaharibu.

Ujumbe ninaopokea mara nyingi ni huu: "Habari boss, naomba mchongo wowote." Najua shida iliyo nyuma yake, nimeipitia, na bado sijui niujibu vipi, kwa sababu aliyeuandika hajaniambia yeye ni nani wala anaweza nini. Nyumbani kwa mtu hatuingii hivyo. Tunapiga hodi, tunasalimia, tunasema tumetoka wapi, ndipo tunataja kilichotuleta. Mtandaoni ni vilevile, ila ufupishe. Mtu mzima mpe heshima yake: Mhandisi, Daktari, Mama, Mzee, kama unavyomwita mkikutana, na shikamoo haijapitwa na wakati kwa sababu imeandikwa. "Mambo vipi" iache kwa wenzako wa darasani.

Akaunti ya bure inakuruhusu kuambatanisha ujumbe kwenye maombi machache tu ya kuunganishwa na mtu kwa mwezi, na ujumbe wenyewe ni mfupi, kwa hiyo usiutumie kwa mtu ambaye hujausoma wasifu wake. Tukiwa palepale Nyerere Square, kijana alimwandikia mama mmoja anayenunua zabibu: "Shikamoo Mama. Nafunga mabomba ya matone Hombolo, nimesoma posti yako kuhusu mashada madogo ya Agosti. Naomba kujua: wakulima wako wanamwagilia mara ngapi kwa wiki?" Swali dogo, linalojibika kwa mstari mmoja, na anayelisoma anaona kwamba aliyeuliza anaijua kazi. Hakuomba kazi. Kazi inaombwa baadaye, mkishazoeana, na mara nyingi huiombi kabisa.

Nieleze lilivyonitokea. Msimu mmoja wa mvua ubwiri unga ulitushinda Mpunguzi. Tulirusha salfa na majani yakaungua. Nikamwandikia mtafiti mmoja wa mizabibu wa Afrika Kusini, nikaweka picha mbili: jani lililoungua na shada lenye unga mweupe, nikamweleza tulirusha saa ngapi. Alijibu siku ya 19. Akasema salfa kwenye joto kali inaunguza, tuipige asubuhi na mapema, na kabla ya hapo tupunguze majani yanayofunika mashada ili hewa ipite. Tukafanya. Mwezi uliofuata nikamtumia picha ya mashada yaleyale yakiwa safi, nikamshukuru, nikamweleza pia kuhusu mistari miwili ya mizabibu ambako haikusaidia kwa sababu tulichelewa.

Ile picha ya pili ndiyo iliyofungua njia. Aliniambia watu wengi wanamuuliza na hakuna anayerudi kumwambia ilikuwaje. Miezi minne baadaye mnunuzi akamuuliza kama anamjua mtu wa zabibu Dodoma, akanitaja. Kwa hiyo ukisaidiwa, rudi useme ilikuwaje. Hata kama ilishindikana, rudi.

Kuhusu kuandika posti, mimi naandika mara mbili kwa mwezi, jambo moja nililoliona shambani, picha moja, sentensi sita au saba. Zaidi ya hapo sina muda, na zenye kusomwa sana ni zile nilizoeleza kosa na jinsi tulivyolirekebisha. Ukikosa cha kuandika, komenti yenye maana chini ya posti ya mtu mwingine inafanya kazi hiyohiyo. "Hongera sana" haihesabiki.

Na msiache kukutana ana kwa ana. Kabla ya Nanenane, wiki moja kabla, naangalia nani kati ya niliounganishwa nao atakuwa Nzuguni, namwandikia kwamba nitapita bandani kwake siku fulani. Tukishaonana, ndani ya siku mbili namtumia kile nilichomuahidi. Dakika tano za bandani zenye ujumbe mbele na nyuma zimenipa zaidi ya mamia ya majina niliyowahi kuyakubali bila kuyasoma.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Mwaka 2019 mtu aliniandikia akijitambulisha kama ofisa ajira wa kampuni fulani ya kilimo, akasifu wasifu wangu, akanitaka nitume shilingi 60,000 za vipimo vya afya kabla ya usaili. Nilituma. Akaunti ikafutwa siku hiyohiyo, na hela ile ilikuwa kodi ya chumba. Mwajiri wa kweli hadai hela ili akusaili. Ukiambiwa utume chochote, mpigie mtu wa ofisi hiyo kwa namba uliyoitafuta wewe, usitumie aliyokupa yeye. Na ajira za Serikali zinapitia Sekretarieti ya Ajira, kwenye Ajira Portal. LinkedIn haikuvushi foleni ile, na anayekwambia anaweza kukuvusha anakudanganya.

Yule kijana nimemwachia daftari. Upande mmoja majina 12 ya watu anaotaka wamjue: wenye mashamba, wauza pampu, wahandisi wa maji, yule mama wa zabibu. Upande wa pili tarehe aliyoandika na kilichojibiwa. Mama hajajibu bado. Tumekubaliana zikipita wiki mbili atamwandikia mara moja tu, ampe habari ya kile kisima cha Hombolo kama chujio linasaidia, bila kumkumbusha kwamba hakujibu. Akikaa kimya tena atamwacha, maana kwenye daftari bado kuna 11.